Pete ya ndoa iliyopinda kufuata pete ya uchumba: maoni yangu baada ya miezi 18 kidoleni

Mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu kubwa ni magauni ya harusi. Kwa miaka mingi nimewapima mabibi harusi mikono, kutoka bega hadi kifundo, na pete za uchumba nimeziona za kila namna. Ilipofika zamu yangu kuchagua pete ya ndoa ya kukaa pamoja na ya uchumba, nilichagua vibaya, na kosa hilo lilikaribia kunipotezea jiwe. Pete ninayoitolea maoni hapa ni ya pili, ile iliyotengenezwa na sonara kwa kufuata umbo la pete yangu ya uchumba. Nimeivaa miezi 18, kazini na nyumbani, na nalala nayo.

Niieleze kwanza ile ya uchumba, kwa sababu pete ya ndoa huwezi kuihukumu ikiwa peke yake. Ni dhahabu ya njano ya karati 18, yaani katika kila sehemu 1,000, sehemu 750 ni dhahabu tupu na zilizobaki ni metali za kuipa nguvu. Ndani imepigwa mhuri wa 750. Juu ina yakuti samawi ya umbo la yai, urefu milimita 7 na upana 5, imelazwa kufuata urefu wa kidole na kushikwa na vikucha vinne. Duara lenyewe ni jembamba, milimita 1.8 tu. Jiwe limekaa chini, karibu liguse ngozi, kwa hiyo kitako chake kimetokeza nje ya duara zaidi ya milimita 2 kila upande.

Huko kutokeza ndiko kulikoniharibia hesabu.

Ukimwambia mtu "pete ya ndoa", anachokiona akilini ni duara lililonyooka. Duara hilo linafaa sana pale jiwe la pete ya uchumba lilipoinuliwa. Mwaka 1886 kampuni ya vito ya Marekani, Tiffany & Co. walitoa pete ya almasi moja iliyonyanyuliwa juu ya duara kwa vikucha sita, na umbo hilo limeigwa duniani kote. Jiwe likikaa juu namna hiyo, chini yake hubaki nafasi, na mara nyingi pete iliyonyooka huingia ikakaa ubavuni bila kugusa kikucha. Mwenye pete ya namna hiyo hana haja ya kuhangaika kama nilivyohangaika mimi. Lakini jiwe likikaa chini kama langu, pete iliyonyooka hugonga kitako kwanza, inasimama hapo, na kati ya pete mbili unabaki mwanya wenye umbo la jani.

Kipimo chake ni rahisi na unaweza kukifanya mezani leo. Chukua kadi ngumu, isimamishe ubavuni mwa pete ya uchumba, kisha isogeze polepole. Kadi ikigusa duara kwanza, pete iliyonyooka itakaa. Ikigusa kitako au kikucha kwanza, itabidi uchague kati ya mwanya na pete iliyopinda. Natamani mtu angenionyesha hilo kabla sijaingia dukani.

Pete ya kwanza niliinunua ikiwa tayari. Ilikuwa imenyooka, bapa, upana milimita 3, dhahabu nyeupe ya karati 14, na juu yake mstari wa almasi ndogo uliokwenda nusu ya duara. Kwenye sinia chini ya taa za duka ilipendeza mno. Niliivaa pamoja na ya uchumba, nikanyoosha mkono mbele yangu, nikautazama kwa juu kwa dakika mbili hivi, nikakubali. Nilikuwa wima, mkono umetulia, vidole vimekaa pamoja. Bibi harusi akinijia kujaribu gauni simruhusu anijibu akiwa amesimama tu. Namwambia aketi, ainue mikono, ainame, apande ngazi mbili tatu, kwa sababu gauni linavaliwa na mtu anayetembea. Kwa pete sikulifanya hata moja kati ya hayo. Sikukunja ngumi wala sikuitazama kwa ubavuni, na ubavuni ndiko tatizo lilikokuwa.

Miezi ya mwanzo nilichokiona ni mwanya tu. Nyuzi za lesi ziliingia humo na kunaswa, na mara moja nilifumua ua zima kwenye mkono wa gauni lililokuwa limebakiza siku tatu lichukuliwe. Tangu hapo nikawa naivua pete ya uchumba kila ninapokaa kwenye cherehani na kubaki na ya ndoa. Kumbuka hilo, kwa sababu baadaye liliamua umbo la pete mpya.

Kisha weupe ukaanza kuondoka. Dhahabu nyeupe si nyeupe kama tunavyoiona dukani. Ni dhahabu iliyochanganywa na metali nyeupe kama paladiamu au nikeli, na rangi yake ya asili ina umanjano kidogo, ndiyo maana juu hupakwa rodiamu, metali nyeupe inayong'aa. Rodiamu ni tabaka jembamba tu, nalo huisha kwa kusuguliwa. Yangu iliisha upande wa kiganja kwanza, mahali mkasi unapokaa. Kuipaka tena si kazi kubwa kwa sonara, ila ukinunua dhahabu nyeupe ujue utarudi kuipaka mara kwa mara muda wote utakaoivaa. Na kama ngozi yako huwashwa na hereni au vifungo vya jinzi, uliza kabla ya kulipa kama ndani mna nikeli.

Nisieleweke kwamba kuchanganya rangi ni kosa. Cartier, kampuni ya vito ya Ufaransa, walitengeneza pete ya Trinity mwaka 1924, duara tatu za rangi tatu zilizoingiliana, na watu wanaivaa mpaka leo. Njano na nyeupe zinakaa vizuri kidole kimoja ikionekana mtu amekusudia. Yangu mwishoni haikuonekana hivyo, maana upande mmoja ilikuwa nyeupe na upande wa pili haikujulikana ni rangi gani.

Hayo ningeyavumilia. Mwezi wa 11 tangu nianze kuzivaa pete hizo mbili pamoja, nikiwa naosha vyombo nilihisi yakuti inacheza. Niliishika kwa kucha, ikatikisika. Nilifunga maji, nikaivua pete, nikaifunga kwenye kitambaa cha pamba, na sikuivaa tena mpaka nilipofika kwa sonara mzee niliyeelekezwa na mteja wangu mmoja.

Yule mzee hakutazama jiwe kwanza. Aliomba nimpe pete zote mbili, akazishika pamoja kama zinavyokaa kidoleni, akazizungusha kidogo huku na huku chini ya lenzi yake ya kukuza mara 10. Kisha akanipa lenzi nami nitazame.

"Binti, hii imekuwa tupa, na hii ndiyo inayopigwa tupa," akasema.

Nikaona. Vikucha viwili vya upande ule vilikuwa vimeliwa kuanzia chini, vimebaki vyembamba kama ncha ya sindano namba ndogo. Almasi za pete ya ndoa, kwa sababu ilikuwa bapa na mawe yake yalifika hadi ukingoni, zilikuwa zimesugua dhahabu kila nilipokunja kidole. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs almasi ni 10, hakuna jiwe la asili linalolizidi hilo. Yakuti ni 9. Dhahabu iko chini huko, hata karibu na 5 haifiki. Almasi zenyewe hazikuwa na alama yoyote. Nikamuuliza kama pete ilikuwa na kasoro. Akasema haina, ni pete nzuri iliyowekwa mahali pasipoifaa.

Vikucha alivijenga upya. Kisha tukakaa kuzungumza pete mpya, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu sijawahi kuhudumiwa vile na mtu wa biashara yoyote.

Alinipa njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kuweka pete nyembamba tupu katikati ya zile mbili iwe kama ukuta, ili almasi zisiguse kitako. Ni njia ya gharama ndogo na kwa wengi inatosha, ila kidole changu ni kifupi na pete tatu zingekifunika hadi kwenye kifundo. Ya pili ilikuwa kuzilehemu pete mbili ziwe kitu kimoja. Zikilehemiwa hazisuguani tena wala hazizunguki kila moja kivyake, na watu wengi wameridhika nazo. Mimi nisingeweza, kwa sababu kazini navua moja na kubaki na nyingine. Ya tatu ilikuwa pete iliyopinda, itakayoufuata ubavu wa ile ya uchumba. Nikaichagua hiyo.

Kuhusu metali hakunipa nafasi kubwa ya kubishana, na sasa nashukuru. Nilikuwa nimevutiwa na platinamu kwa uzito wake: sentimita moja ya ujazo ina gramu 21 na zaidi, wakati dhahabu ya karati 18 ni kama 15 hivi. Platinamu ikikwaruzwa, metali husogea pembeni kuliko kung'oka, kwa hiyo hudumu sana. Yeye akasema: pete zinazogusana kila siku ni vizuri ziwe metali moja na karati moja, zilingane ugumu ili zilike sawasawa. Kwa hiyo karati 18, njano, kama mwenzake. Nikauliza habari za tungsteni, ambayo ni ngumu kuliko dhahabu, kwa kuwa mume wangu alikuwa anaifikiria kwa ajili yake. Akasema kwa mwanamume asiyevaa pete nyingine kidole hicho ni sawa, mradi akubali kwamba haipanuliwi wala haipunguzwi, kidole kikibadilika anunua nyingine. Lakini kando ya dhahabu, alisema, ingefanya kazi ileile ya tupa.

Kisha kipimo. Pete yangu ya uchumba ni namba 53 kwa vipimo vya Ulaya, ambavyo huhesabu milimita za mzunguko wa ndani. Nilidhani na ya ndoa itakuwa 53. Alinivalisha pete za kupimia mbili kwa pamoja, akaniambia nikunje ngumi na nikae nayo hivyo huku tunaongea. Baada ya robo saa ngozi ilikuwa imevimba kati ya pete na kifundo. Pete mbili zinafunika sehemu kubwa zaidi ya kidole kuliko moja, na kidole kinakosa pa kwenda. Akanitaka nirudi jioni, maana asubuhi na kwenye baridi vidole huwa vyembamba. Jioni ile ya ndoa ikatoka 54. Milimita moja tu, lakini ndiyo iliyonifanya nilale na pete bila kuamka na kidole chekundu.

Alichonga umbo kwa nta, akiijaribisha mara kwa mara kwenye ubavu wa pete ya uchumba. Kabla ya kumimina dhahabu akatoa ya majaribio kwa fedha, akanipa nikaivae wiki nzima. Katika kazi yangu tunashona kwanza kwa kitambaa cha bei ndogo kabla ya kukata hariri, kwa hiyo nilimwelewa mara moja, na nilifurahi kupita kiasi. Ile pete ya fedha ilikumbatia kitako cha yakuti kabisa, hapakupita hata uzi. Zikiwa pamoja zilipendeza. Ila kila siku, kwa muda wa saa nane, navaa ya ndoa peke yake, na peke yake ilikuwa na kona kali katikati, kama kitu kilichovunjika nusu kikaachwa. Mkasi nao uliisukuma kona hiyo ikanichoma kidole cha kati.

Nikamrudishia nikamwambia, "Mzee, nipunguzie mpindo. Bora ubaki mwanya kidogo." Hakupendezwa. Kwa sonara, kuacha nafasi ni kama kwa fundi nguo kuacha mshono wazi, naelewa. Tukakubaliana mpindo mpole, unaoacha nusu milimita kwenye kilele cha kitako na kugusana na duara pande zote mbili. Kitako na vikucha havigusi kitu tena. Upana ni milimita 2, ndani imeviringwa ili iteleze kwenye kifundo, kuta za ubavu ni tambarare zenye kingo zilizolainishwa, na haina jiwe hata moja. Hilo la mawe lilinigharimu usiku mmoja wa kufikiri, kwa sababu napenda vinavyometa. Angeweza kuweka almasi tatu juu, zikae ndani ya metali mbali na ukingo. Nilipoitazama yakuti ikiwa peke yake juu ya dhahabu tupu, nikaona inatosha.

Kuanzia kuchonga nta hadi kuvaa ilichukua wiki saba na safari nne. Mwenye harusi mwezi ujao asianze njia hii.

Sasa miezi 18 imepita. Mambo mazuri: jiwe halijatikisika hata mara moja. Mwezi uliopita nilimpelekea azitazame tena, na kwenye lenzi kuna mstari mwembamba unaong'aa pale duara mbili zinapogusana, kwenye pete zote mbili kwa kiasi sawa. Vikucha ni vizima kama alivyoviacha. Hakunidanganya kwamba hakuna kusuguana. Metali mbili zikikaa pamoja husuguana, tofauti ni mahali na kasi. Kazini haijanasa hata uzi mmoja wa shifoni. Mikwaruzo imeipata, lakini ni ileile iliyoko kwenye ya uchumba, kwa hiyo mtu akizitazama anadhani zilinunuliwa pamoja.

Kasoro zake nazo nitazisema. Pete iliyopinda ina mbele na nyuma. Ikizunguka kidoleni, mpindo unaenda kukaa ubavuni na unaonekana na kuhisiwa. Wiki za kwanza ilinisumbua sana, hasa kwa kuwa ya uchumba ni nzito juu na ilikuwa inaanguka upande na kuivuta mwenzake. Sonara aliweka shanga mbili ndogo za dhahabu ndani ya pete ya uchumba, sehemu ya chini, ili isizunguke. Siku mbili nilizihisi, siku ya tatu nikazisahau, na tangu hapo zote mbili zimetulia. Kama pete yako inazunguka, uliza habari ya shanga hizi kabla ya kuipunguza ukubwa.

Halafu ile nusu milimita inakusanya sabuni na losheni. Kila Jumapili nazilaza kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, nazipiga mswaki laini, nazifuta. Dakika tano. Nisipofanya wiki mbili, yakuti inapoteza uhai wake na mwanya unaonekana mweupe kwa utando.

La tatu ni kwamba pete hii imeolewa na pete ile moja tu. Nikibadilisha ya uchumba, hata kama ni kuinua jiwe juu kidogo, umbo halitakubaliana tena. Mtu anayetarajia kubadilisha jiwe baadaye abadilishe kwanza, ndipo atengeneze ya ndoa. Na anayetaka almasi zinazozunguka duara zima ajue kwamba pete hiyo ni ngumu sana kuibadilisha ukubwa, maana hakuna mahali patupu pa kukata na kuunga. Vidole hubadilika kwa ujauzito, kwa uzito na kwa umri. Yangu, kwa kuwa chini ni dhahabu tupu, inaweza kupanuliwa.

Kwa pete yenyewe natoa nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu imekatwa na kule kuzunguka kwa wiki za mwanzo, jambo ambalo shanga zingewekwa mapema nisingelipata. Kwa huduma ya yule mzee natoa tano, na ningetoa kwa ajili ya ile wiki ya pete ya fedha pekee.

Ile ya kwanza, ya almasi, sikuiuza. Nilipeleka ikapakwa rodiamu upya, na sasa naivaa mkono wa kulia siku za sherehe, kidole kisicho na pete nyingine. Pale mawe yake hayagusi kitu, na mume wangu husema ndiyo kwanza anaiona ilivyo nzuri.